Mpira Ukishuka kwa Mzee Zakaria

Neema na Rashidi, mliponipokea reki mliniomba nikae kitako niwaandikie yote ninayoyajua kuhusu uwanja wetu wa Kwembuzi, kwa kuwa nikiulizwa kwa mdomo huwa nakuwa mkali. Haya, nimekaa. Vyeo sitavizungumzia, maana nilianza nikiwa mtunza uwanja na nimestaafu nikiwa mtunza uwanja. Mshahara nao mtauona wenyewe mwisho wa mwezi, msije mkasema niliwakatisha tamaa mapema.

Siku yangu ya kwanza nilipanda kutoka Lushoto mjini nikiwa nimevaa viatu vya kanisani. Nilikuwa nafagia ofisi za halmashauri, nikaambiwa nimehamishiwa michezo, nami nikadhani michezo ni ofisi nyingine. Aliyenipokea ni Mzee Zakaria, mtunza uwanja wa wakati huo, mwembamba, na sweta lake la kijani ambalo sikumwona akilivua hata jua likiwaka. Alivitazama viatu vyangu. Akachukua mpira, akauweka katikati kabisa ya uwanja, akaniambia, "Tazama."

Nikatazama. Mpira ukatulia kidogo, kisha ukaanza kwenda. Haukupigwa na mtu wala hapakuwa na upepo. Ulikwenda taratibu, ukashika kasi, ukapita katikati ya milingoti ya goli la bondeni, ukatokomea kwenye shamba la kabichi.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona, mzee."

"Basi uwanja umeshaujua. Mengine ni majani tu."

Ndivyo ulivyo. Waliochimba uwanja huu zamani walichoka kabla mlima haujachoka. Goli moja liko juu, tunaliita la mlimani, na jingine liko chini, la bondeni. Timu zinabadilishana kipindi cha pili, kwa hiyo hakuna anayeonewa, ila kila timu ina dakika zake za kupanda mlima. Wageni kutoka Mombo, waliozoea tambarare na joto, kipindi cha kupanda huwa wanapumua kwa sauti mpaka unawahurumia. Mimi siwahurumii.

Vifaa nilivyokabidhiwa ndivyo nilivyowakabidhi: fyekeo, reki, kamba, na kopo la maziwa lililotobolewa kitako la kunyunyizia chokaa. Chokaa ya mistari msiichore asubuhi. Mvua ya huku haina ratiba, utachora mstari vizuri, na saa ya mechi utaukuta umeshahamia kwa jirani. Chokaa ikikosekana nendeni kwa wapasua mbao mkaombe maranda, yanaonekana vizuri, ila mbuzi wakiyalalia mstari unapinda. Jambo moja nililoliongeza mimi ni kata. Zamani mechi haikuweza kuanza mpaka mtu aushikilie mpira kwa kidole, na wachezaji walikuwa wanagombana nani ashike. Mimi nikasokota kata ya majani makavu ya mgomba, kama ile ya kubebea ndoo kichwani, nikauweka mpira juu yake. Ukatulia. Refa akacheka mpaka akapuliza filimbi kabla ya wakati.

Sasa niseme kuhusu watazamaji, maana hao ndio uwanja wenyewe. Kwetu hakuna paa wala viti. Nyuma ya goli la mlimani kuna ngazi za udongo, ambazo zamani zilikuwa matuta ya mashamba ya watu kabla hawajayatoa kwa ajili ya uwanja. Walitoa ardhi, lakini kukaa hawakutoa. Kila ngazi ina wenyewe mpaka leo. Ya juu kabisa ni ya kwaya ya Kilutheri, wanasema wanahitaji hewa. Chini yao ni wauza mapeasi, ambao wakikasirika hutupa bidhaa. Inayofuata ni ya walimu, na ukitaka kusikia matusi ya maana kaa karibu nayo. Hakuna tiketi yenye namba ya kiti, lakini mkae mahali pasipo penu muone.

Kuna shabiki mmoja alikuwa anatoka Mtae, njia yote ile mbovu, anafika na blanketi mabegani na viazi vya kuchemsha mfukoni. Siku moja nikamuuliza anafuata nini kwenye baridi hii na timu yenyewe inafungwa. Akasema, "Mama Elia, ngazi hii babu yangu alilima viazi. Nikikaa hapa nikamtukana refa, namtukania kwetu." Mimi mwenyewe nilikuwa natamani siku moja nikae pale kama yeye, maana mtunza uwanja hakai. Mechi zote za maisha yangu nimezitazama nimesimama na reki mkononi. Nilikuwa najiambia, nikistaafu, Jumamosi ya kwanza tu, nitakaa ngazi ya wauza mapeasi, nikunje miguu, nile, nipige kelele.

Mzee Zakaria yeye alipostaafu hakupanda kukaa na watu. Lile shamba la kabichi chini ya goli la bondeni lilikuwa lake. Alichonga kigoda, akakiweka kwenye ukingo wa shamba, akawa anaketi hapo kila siku ya mechi kuokoa kabichi zake na mipira yetu. Kabla yake mpira ukishuka ulikuwa unakwenda mpaka mtoni, na mechi moja iliwahi kuisha kwa sababu mpira wa pili ulikwenda kuutafuta wa kwanza. Kwa hiyo tulifurahi. Wachezaji wakamwita golikipa wa tatu.

Furaha ilipungua tulipojua masharti yake. Mzee Zakaria hakutoa mpira kwa mtu ambaye hajamsalimia. Na salamu yake haikuwa ya kupitia mbali. Ulishuka, ukatoa shikamoo, ukaitikiwa marahaba. Akakuuliza habari za nyumbani, ukajibu. Akakuuliza mama hajambo, baba hajambo, yule dada aliyeolewa Bungu amejifungua. Akauliza mahindi yameshika vipi. Ng'ombe je, anakamuliwa? Ukijibu kwa haraka alianza upya, tena kwa Kishambaa, akijua kwa Kishambaa habari za ng'ombe peke yake zinachukua muda. Ndipo anainama, anautoa mpira chini ya kigoda.

Huku juu watu wanangoja. Refa anatazama saa. Timu yetu ikiwa inaongoza, kocha alikuwa anampeleka beki wetu mmoja mpole, mwana wa mwinjilisti, ambaye alikuwa anauliza habari zaidi kuliko anavyoulizwa. Timu ikiwa nyuma tulitamani kulia. Mimi nilikuwa nasimama kwenye ukingo nikipaza sauti, "Mzee, tumefungwa, tupe mpira." Naye anajibu kutoka chini, bila haraka, "Mama Elia, hata wewe leo hujanisalimia." Nikampa shikamoo. Ni mwalimu wangu, nifanyeje.

Timu za wageni zilishtaki. Zilishtaki mteremko, zikashtaki baridi, zikamshtaki na Mzee Zakaria. Ikaja habari kwamba mkaguzi wa viwanja anapanda kutoka Tanga, na kwamba akiona hatufai, Kwembuzi inafutwa. Mechi zetu za nyumbani zitachezwa Mombo. Nawaambieni, ngazi zote zililala vibaya wiki hiyo. Nani ana nauli ya kushuka Mombo kila Jumamosi, na kupanda tena? Mama anayeuza viazi vya moto pale kwenye ngazi angemuuzia nani? Ungekuwa mwisho wa mambo. Sikuwa naogopa kukosa kazi, kufagia ofisi ningerudi. Nilikuwa naogopa kuziona zile ngazi zimeota nyasi.

Mwenyekiti wa kamati ya uwanja wakati huo alikuwa Mwalimu Bakari, mtu wa mawazo mengi. Akasema mteremko hauondoki kwa wiki moja, ila unaweza kufichwa. Jicho, alisema, linadanganyika. Akaagiza zile bendera nne za kona ziwe na vichwa vilivyo sawa. Akavuta kamba kutoka juu mpaka chini, akapima, akakata milingoti. Nikamwambia, "Mwalimu, hili jambo naliona baya." Akasema mimi nishughulike na majani. Basi, siku ya ukaguzi bendera za mlimani zilinifika kiunoni kama kawaida, na za bondeni zilikuwa ndefu kama nguzo za umeme.

Mkaguzi alikuwa mtu mnene, mpole, amevaa suti ya pwani isiyojua baridi. Aliiangalia bendera ya bondeni kwa muda mrefu. Akamuuliza Mwalimu Bakari, "Hii mnapandisha bendera ya taifa?" Mwalimu akasema ni kwa ajili ya upepo. Mkaguzi akaenda katikati, akaondoa kata yangu kwa mguu akidhani ni takataka, akauweka mpira chini ili atoe tepu yake mfukoni. Alipoinua kichwa mpira haupo. Akanitazama mimi. Nikatazama majani.

Kutoka bondeni tukamsikia Mzee Zakaria akipaza sauti: "Nani huyo anarusha mipira asubuhi hii, hana salamu?"

Mchana mechi ikaanza, sisi na wageni wa Mombo. Mkaguzi akakataa kiti alichotengewa, akasema atauzunguka uwanja mwenyewe aone. Kipindi cha pili, tukiwa moja moja, ukungu ukashuka. Mnaujua ukungu wetu, haubishi hodi. Refa akajaribu kuliona goli la mlimani, hakuliona, akageukia la bondeni, hakuliona, akapuliza filimbi kusimamisha mechi. Na ninyi mnajua cha kufanya, lakini niandike kwa faida ya watakaokuja: ukungu ukishuka, kila aliyeko uwanjani anapanda. Usitafute njia, usimwite mtu, wewe fuata mlima tu mpaka uguse watu. Uwanja ungekuwa tambarare tungekuwa tunazunguka humo mpaka leo. Wachezaji wetu wakapanda, wakiwashika mikono wale wa Mombo, wote wakakaa kwenye ngazi za watu, wakapewa viazi vya moto. Kwaya ikaanza kuimba. Walimu wakaanza kuwahoji wachezaji wa Mombo kwa nini hawajui kupiga pasi. Huo ndio wakati ninaoupenda kuliko magoli, nasema wazi. Watu hawamwoni mtu wala mpira, na hakuna anayeondoka.

Mwalimu Bakari akanifuata akinipapasa bega ili ajue kama ni mimi. "Mama Elia, mkaguzi yuko wapi?"

Hakuwa kwenye ngazi yoyote. Tukaita. Kutoka mbali sana, chini, ikaja sauti ya kabichi kuvunjika.

Mtu wa tambarare, unaona, akipotea anafuata panapomrahisishia mguu. Mkaguzi alikuwa nyuma ya goli la bondeni akiipima ile bendera. Ukungu ulipomfunika akatembea, na kila alipotembea ikawa rahisi zaidi, akadhani anaelekea kwenye watu. Nikashuka na reki yangu, naipapasa njia. Kabla sijafika nikawasikia, nikasimama.

"Mzee, niko wapi? Nataka kurudi uwanjani."

"Marahaba," akasema Mzee Zakaria.

Mkaguzi akakumbuka adabu. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mgoshi," akamwita bwana kwa Kishambaa. "Hujambo?"

"Sijambo. Sasa, uwanja uko upande gani?"

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, mzee. Naomba tu unionyeshe..."

"Mama hajambo?"

Hapo sauti ya mkaguzi ikashuka. Nilikuwa nimejiandaa kucheka, kicheko kikaniishia. Akasema mama yake yuko Muheza, anaumwa miguu, na yeye kazi zimembana hajaenda kumwona tangu masika. Mzee Zakaria akamuuliza miguu inamuuma vipi, ya kuvimba au ya kuchoma. Akamweleza dawa ya kuchua. Akamuuliza nani anamtekea maji. Mkaguzi akavuta pumzi, nikasikia amekaa chini, juu ya kabichi nyingine. Waliongea hapo ukungu ukiwa umewazunguka, mpaka wakafika kwenye ng'ombe. Mkaguzi hakuwa na ng'ombe. Mzee alisikitika kwa dhati kabisa.

Ukungu ulipoinuka, ngazi zote zilimwona mkaguzi akipanda kutoka bondeni, suti imelowa, mpira kwapani na kabichi mkononi aliyopewa ampelekee mama. Watu wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Mechi ikaendelea, tukafungwa la pili, na hilo tuliache.

Baada ya mechi kamati yote ilisimama mbele yake kama watoto waliovunja kioo. Mwalimu Bakari alianza kueleza habari za upepo. Mkaguzi akamkatiza. Akasema, "Mwalimu, huu uwanja umelala upande, hilo hata bendera zenu zimenieleza. Kinachonipa shida ni mpira kushuka. Kanuni inataka upande huo pawe na ukuta, au pawe na mtu. Ukuta hamna. Mtu mnaye. Nitawapitisha kwa sababu ya mtu huyo. Siku kile kigoda kitakapokuwa kitupu, msinifiche, nakuja kuufunga."

Kisha akanigeukia. "Mama, nimekagua viwanja vingi vyenye viti. Hakuna hata kimoja nilichoulizwa habari za mama yangu." Akaomba radhi kwa kuipiga kata yangu teke, akashuka zake na basi la Mombo, akiwa ameipakata ile kabichi.

Tukaishi kwa amani hivyo, misimu mingi, na shikamoo nyingi. Mzee Zakaria alizeeka, masikio yakafifia, salamu zikawa ndefu zaidi kwa kuwa kila jibu lilirudiwa. Mwaka huu, mahindi yakiwa yanakaribia kukauka, akafariki usingizini. Nililia, sifichi. Kwenye mazishi watu walikaa kando ya kaburi kwa mpangilio wa ngazi zao bila mtu kuwaambia, kwaya juu, walimu chini, na walimu siku hiyo hawakumtukana mtu.

Mnakumbuka yaliyofuata, maana mlikuwepo. Kamati ikaweka zamu ya kukaa kwenye kigoda. Wa kwanza alikaa dakika chache, aliposikia kelele za goli akapanda kuona, mpira ukaenda mtoni. Wa pili hakushuka kabisa. Sikuwalaumu sana. Kutoka kwenye kile kigoda uwanja hauonekani, unaona ukingo wa nyasi na mbingu basi. Nani anakwenda uwanjani mahali ambapo mechi haionekani? Na mkaguzi, yule yule, mvi zimemjaa sasa, akapiga simu kutoa pole, akasema kwa sauti ya huzuni kwamba anapanda Jumamosi na anajua tunajua anachokuja kukitazama.

Jumamosi hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza ya kustaafu kwangu. Nilikuwa nimeshanunua mapeasi. Nilikuwa nimeshachagua kitenge cha kukalia na ngazi nimeshatengewa, wauza mapeasi walisogea wenyewe. Nilifika pale, nikakaa, nikakunja miguu kama nilivyojiahidi. Nikaona mkaguzi amesimama kando ya goli la bondeni, mikono nyuma, anatazama kule chini. Mechi ikaanza. Peasi la kwanza nikalirudisha mfukoni.

Nikakunja kitenge. Wale wauza mapeasi wakaniuliza, "Mama Elia, unakwenda wapi nawe ndio kwanza umekaa?" Nikawaambia nakwenda kazini. Nikaushuka uwanja kwa pembeni, nikampita mkaguzi, nikamwambia marahaba kabla hajafungua mdomo, nikaenda nikakaa kwenye kigoda.

Niwaambie kitu. Kutoka pale chini unasikia kila kitu. Nilijua kona kwa jinsi kwaya inavyovuta pumzi. Nilijua refa amekosea kwa namna walimu walivyokuwa wanamwita, sitarudia. Nilijua tumefungwa moja bila kwa kimya cha wauza mapeasi. Dakika zilikuwa zinaisha, nimeng'ang'ania kigoda kwa mikono miwili. Ndipo mpira ukatokea ukingoni, ukashuka ukirukaruka, ukapita kabichi za Mzee Zakaria, nikaudaka na magoti yangu. Nyuma yake akaja winga wetu mbio, jasho linamtoka, mkono ameshaunyoosha.

"Mama, mpira, mpira, zimebaki dakika mbili."

Nilitaka kuurusha, Mungu ananiona. Hiyo timu naipenda kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini juu kwenye ukingo mkaguzi alikuwa amesimama anatutazama, ametega sikio. Nikauweka mpira chini ya kigoda.

"Marahaba," nikamwambia yule kijana. "Mama hajambo?"